Tangazo la unga wenye sumu lifike hadi kwenye kibaba

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS),
Barabara ya Popo, Nairobi.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Changamwe, Mombasa. Mimi ni muuza duka. Duka lenyewe ni la dirisha moja, mizani iko juu ya meza, na bidhaa inayotoka kuliko zote ni unga wa sima. Wenye mshahara wa mwezi huchukua pakiti ya kilo mbili. Walio wengi hununua cha siku: nusu kilo, robo, na tarehe zikisonga hata wa shilingi ishirini. Hao huwafungulia pakiti nikawapimia, nikawafungia kwenye karatasi ya kaki.

Ni hao wa kupimiwa wanaonifanya nikuandikie.

Mwaka 2019 shirika lako lilisimamisha siagi ya karanga ya kampuni kadhaa. Novemba mwaka huohuo likapiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi, na Januari 2020 likasimamisha chapa 17. Sababu ilikuwa moja: sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita sumukuvu, ilikuwa imepita kiwango. Nataka niseme wazi kwamba nilifurahi. Watu wako walipima, wakapata, wakatangaza, na baadhi ya chapa hizo zilikuwa kwenye kila jiko la nchi hii. Kusema hadharani kwamba unga unaoliwa na mamilioni haufai si jambo jepesi, na ninawashukuru kwa kulisema.

Sasa nikueleze tangazo hilo la Novemba lilivyofika kwangu.

Lilikuja kwenye simu, picha ya barua ya Kiingereza iliyozungushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, herufi zimefifia. Majina ya chapa yalisomeka. Moja ilikuwa kwenye rafu yangu: robota moja zima la pakiti kumi na mbili, pakiti nne zilizobaki za robota la kabla yake, na moja iliyokuwa imeshafunguliwa. Nilizitoa zote nikaziweka nyuma, juu ya kreti za soda.

Jioni akaja mama mmoja anayekaanga mahamri hapo njia panda, mteja wangu wa miaka. Alikuwa ameshasikia. Akaniuliza, "Baba Neema, ule unga ulionipimia asubuhi ulikuwa wa pakiti gani?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi ile debe la kupimia lilikuwa limebaki na unga kidogo wa chapa moja, nami nikafungua pakiti ya chapa nyingine nikaimwaga juu yake. Ndivyo tunavyofanya sote, unga wa kupima hauna jina. Nikatafuta ile karatasi ya pakiti nisome nambari zilizopigwa mhuri juu yake. Haikuwepo. Nilikuwa nimempa mama huyohuyo aitumie kuwashia jiko, kama ninavyompa kila siku. Nambari ya bechi na tarehe ya kusagwa alikuwa ameziwashia moto wa kupikia sima iliyotokana na unga huo.

Akauliza tena, "Na watoto wameshakula, nifanye nini?" Hilo nalo sikulijua. Nilimrudishia pesa yake. Aliitazama ile sarafu mkononi kwa muda, kisha akaondoka bila kusema neno.

Kesho yake msambazaji alipopita na gari, alichukua robota na pakiti nne zilizofungwa. Iliyofunguliwa aliikataa. Ushahidi uko wapi, alisema, kwamba hukuchanganya na unga mwingine? Na kweli nilikuwa nimechanganya. Hasara ikawa yangu na ya wateja wangu, tukagawana bila kuulizana.

Mheshimiwa, huenda ukaona ninakuza jambo la nusu kilo ya unga. Mimi ni mzaliwa wa Makueni. Mwaka 2004 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, wa kutosha kuona na kukumbuka. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mahindi machache yaliyopatikana yalivunwa yakiwa bado na maji, kwa kuwa watu waliogopa yasije yakaibwa au kunyeshewa, wakayarundika ndani ya nyumba, wakalala nayo chumba kimoja. Kisha watu wakaanza kutapika, tumbo likavimba, macho yakageuka manjano. Wazee walisema ni malaria. Wengine walisema watu wamelogwa. Nyanya yangu alikuwa akichagua mahindi punje moja moja kwenye uteo, anatoa zilizooza, anasema haya mengine ni mazima. Alikuwa anafanya alichofundishwa na mama yake, na kwa sumu hii hakikutosha.

Hadi Julai mwaka ule wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walifariki, wengi wao Makueni na Kitui. Wataalamu walipozunguka kwenye masoko 65 na kuchukua sampuli 350 za mahindi na unga kutoka kwa wachuuzi 243, zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kiwango cha wakati ule, sehemu 20 katika bilioni. Sampuli saba katika kila mia zilipita 1,000. Zilikuwa sokoni zikiuzwa, mtu anapimiwa gorogoro analipa anaenda kupika. Na haikuwa mara ya kwanza: Machakos mwaka 1981 watu 12 walikufa kwa sumu hiyohiyo. Haikuwa ya mwisho kwa ukanda wetu pia. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara, Tanzania, watu 68 waliugua na 20 wakafa.

Kinachoniogopesha zaidi ni kwamba sumu hii haionekani. Kuvu lenyewe huweza kuonekana, lile la kijani, lakini sumu linayoiacha haina rangi, haina harufu, haina ladha. Moto wa jikoni hauimalizi. Ukisonga sima mpaka ikauke, ukichemsha githeri tangu asubuhi hadi jioni, sumu bado imo. Kukoboa mahindi hupunguza, hakumalizi. Na anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki siku hiyo. Ini lake ndilo linaloumia polepole hadi saratani, na ni mbaya zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Mteja wangu anayekula sima mchana na usiku hana njia yoyote ya kujilinda isipokuwa maneno yenu. Macho yake hayamsaidii, wala pua, wala ujuzi wa nyanya.

Ndiyo maana nasema kutangaza ni nusu ya kazi. Unga unaosimamishwa Nairobi leo tayari uko kwenye debe langu, kwenye karatasi ya kaki, kwenye sufuria ya mtu Magongo na Mikindani. Kuutoa kwenye rafu za supamaketi kunawezekana kwa siku moja, kwa sababu supamaketi ina risiti na kompyuta. Kuutoa huku chini kunahitaji mpango mwingine.

Mpango huo naona mnao vipande vyake. Mna ile nambari 20023, ambayo mtu huitumia ujumbe wenye nambari iliyo chini ya alama ya ubora akajua kama kibali ni halali. Nimeitumia mara nyingi, inajibu. Basi igeuzwe ifanye na kazi ya pili: nitume nambari ya bechi niliyonayo mkononi, nijibiwe kwa Kiswahili kama imesimamishwa au la. Haihitaji simu kubwa wala bando. Mama wa mahamri ana simu ndogo ya vitufe na angeweza kuituma mwenyewe kabla ya kuwasha jiko.

Tangazo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili siku ileile linapoandikwa kwa Kiingereza, liwe na picha ya pakiti, nambari za bechi na tarehe za kusagwa, na liseme mtu afanye nini. Arudishe wapi? Alipwe na nani? Ambaye ameshakula aangalie dalili gani, aende wapi? Na liseme kabisa kwamba unga huo asipewe kuku wala ng'ombe. Siku ile nilipowaambia wateja wauache, wawili walinijibu kwamba basi watawapa mifugo, na kwao hiyo ilikuwa busara ya kutotupa chakula. Hawakujua kwamba ng'ombe akila, sumu hutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo chai ya mtoto.

Kuhusu pakiti iliyofunguliwa, naomba iwe amri kwa kampuni na wasambazaji wao: unga uliosimamishwa urudishwe hata kama umebaki kikombe kimoja, na mwenye duka alipwe ili naye awalipe wateja. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora, ya kupewa taarifa, ya kulindwa afya yake, na ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara. Sikuona humo mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya anayenunua pakiti nzima. Muuza duka akijua atapoteza pesa yake, yapo majaribu, nami nayajua kwa kuwa yalinipitia usiku ule: kuuacha unga ndani ya debe, kunyamaza, uishe. Msimwachie maskini mwenzangu achague kati ya kodi ya duka na ini la jirani yake.

Afrika Kusini walipatwa na janga la listeria, bakteria wa kwenye chakula, kuanzia 2017, watu zaidi ya 1,000 wakaugua na zaidi ya 200 wakafariki. Ilichukua zaidi ya mwaka kupata chanzo, na fununu iliyosaidia kukipata ilitoka kwa watoto wa chekechea moja ya Soweto walioharisha, ambao friji ya chekechea yao ilikutwa na polony, aina ya soseji nene. Machi 4, 2018 waziri wa afya, Aaron Motsoaledi, alisimama mwenyewe mbele ya taifa akaitaja bidhaa, akakitaja kiwanda, akawaambia watu wasiile, na wakairudisha madukani wakapewa pesa zao. Nasi tunaweza kusema namna hiyo, kwa sauti ya mtu mmoja anayefahamika, redioni, saa ambayo watu wako jikoni.

Kisha mtuambie mwisho wake. Unga unaposimamishwa tunasikia. Unaporudi dukani, mara nyingi mimi huona tu gari limekuja na robota jipya. Mteja ananiuliza, umeshakuwa mzuri? Nami nasema nadhani. Sitaki kumwambia nadhani kuhusu chakula. Toeni barua ya pili yenye matokeo kwa tarakimu: bechi hii ilipatikana na kiasi hiki, sasa imepimwa tena ina kiasi hiki, kiwango ni 10 katika bilioni. Tukiona tarakimu tutawaamini hata msipotaja maneno mengine.

Limebaki la kisiagi, mashine ya kusaga ya mtaani, nalo pengine ndilo kubwa kuliko yote. Wengi wa wateja wangu bei ya pakiti ikipanda huenda kununua mahindi soko la Kongowea wakasage mtaani. Unga huo hauna chapa, kwa hiyo hautasimamishwa kamwe. Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yalizuiwa mpakani kwa sababu ya sumu hii, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa sharti la cheti kinachoonyesha kwamba hayajapita 10. Sawa. Lakini gunia linalotoka shambani kwetu Makueni hadi kisiagi cha Changamwe sijaona likidaiwa chochote. Vipo vipimo vidogo vya kuchovya vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Kuwe na kimoja kwenye kila soko la jumla, pamoja na kifaa cha kupima unyevu, ili mahindi yaliyozidi asilimia 13.5 yajulikane kabla hayajapakuliwa. Na mkae na wizara ya kilimo muone mashine za kukaushia zinawafikiaje wakulima wadogo, kwa maana anayeanika mahindi kando ya lami huku wingu limefunga hafanyi hivyo kwa kupenda.

Kwa upande wangu, tangu siku ile nimebadilisha. Simimini tena chapa mbili kwenye debe moja. Karatasi ya pakiti naihifadhi nyuma ya mizani mpaka unga wake uishe na siku saba zipite, ndipo naitoa ikawashe jiko. Nina kijidaftari cha kuandika nambari. Na kwenye mlango, pembeni ya dirisha, nimebandua tangazo la sabuni nikaacha nafasi ya karatasi moja. Tangazo lenu la Kiswahili likitoka, nitalibandika hapo asubuhi hiyohiyo, na asiyejua kusoma nitamsomea.

Wako mtiifu,

Muuza duka,
Changamwe, Mombasa.