Takwimu za chuoni ziteremke hadi kwenye mizani ya samaki

Mhariri,

Kila msimu wa kujiunga na vyuo vikuu ukifika, wazazi huku Malindi huuliza swali lile lile: mtoto akisomea hisabati, si ataishia kuwa mwalimu tu? Mimi niliisomea na si mwalimu. Naweka daftari la samaki la kikundi cha wavuvi: tarehe, jina la chombo, aina ya samaki, kilo, bei. Wapo wanaonicheka kwamba kazi hiyo haitaki digrii. Kulijaza daftari haitaki, ni kweli. Kulisoma ndiko kwenye kazi, na hapo nina ugomvi na namna tunavyofundishwa.

Somo la takwimu tumizi tulilipata ubaoni: fomula, uthibitisho wake, kisha mtihani. Data tuliletewa zimepigwa pasi kama kanzu ya Idi. Hakuna nafasi tupu, hakuna aliyeandika bei kwenye safu ya kilo. Ukikokotoa jaribio la t (kipimo cha kuona kama tofauti ya wastani wa makundi mawili ni ya kweli au ya bahati tu) bila kukosea, maksi zote zako. Namba zenyewe zilitoka wapi, nani alizipima na kwa mizani gani, hakuna aliyeuliza.

Nitoe mfano. Tuseme siku moja ya kaskazi madau manne yameleta kilo 6, 7, 8 na 9, na boti moja ya injini imeleta 60. Jumla ni 90, wastani kilo 18 kwa chombo. Hakuna chombo kilicholeta kilo 18 wala kukaribia. Ukizipanga, ya katikati ni 8, na hiyo ndiyo inayokwambia mwenye dau alikwenda nyumbani na nini. Sasa kusi limeingia. Bahari imechafuka, madau yamekaa pwani, boti peke yake imetoka na kurudi na kilo 45. Samaki wamepungua nusu, mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki wakawakaange na kuwauza, wanagombania kilichopo, lakini wastani umeruka kutoka 18 hadi 45! Afisa anayesoma ripoti mezani, mbali na maji, ataandika kwamba kusi ndiyo neema.

Halafu zile nafasi tupu. Dau ambalo halikutoka, dau lililotoka likarudi bure, na dau lililouza samaki wake huko huko baharini kabla ya kufika kwenye mizani: yote matatu daftarini utaona mstari mtupu. La pili ni sifuri. La kwanza si sifuri, na la tatu ni kilo tusizozijua. Mwanafunzi aliyezoea kubonyeza kitufe atajaza sifuri kote aende zake.

Nisieleweke kwamba nataka nadharia ipunguzwe. Wanaosema hivyo siwaungi mkono hata kidogo. Jaribio la t la kawaida linadai vipimo visitegemeane. Vyombo vitano vilivyovua mwamba mmoja, alfajiri moja, vinategemeana. Anayejua uthibitisho wa fomula ndiye atakayeshtuka hapo. Ila ashtuke mbele ya daftari, si mbele ya ubao mtupu.

Hata waliozitunga fomula hizi walikuwa kazini. Jaribio hilo la t lilizaliwa katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin (wazee wangu waniwie radhi), ambako William Gosset alikabiliwa na sampuli ndogo ndogo na akataka kujua aziamini kiasi gani. Alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la kupanga, "Student". Mwaka 1973 naye mwanatakwimu Francis Anscombe alitoa seti nne za data, kila moja jozi 11. Wastani wake, mtawanyiko wake na hata mstari wa rigreshoni (ule unaochorwa kupita karibu iwezekanavyo na nukta zote) karibu ni ule ule, lakini ukizichora zimeachana kabisa. Mchoro huo ningeuanza nao siku ya kwanza ya somo.

Ninachoomba kwa wahadhiri wa hisabati, hasa wa vyuo vya huku Pwani, si kikubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu apewe kurasa za daftari halisi pamoja na uchafu wake, na nusu ya maksi aipate kwa kueleza data zilivyopatikana na zisichoweza kusema. Gharama isiwe kisingizio: programu ya takwimu iitwayo R, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inaibeba.

Wavuvi wetu hawana kinyongo na mwenye kutaka kujifunza, mradi aombe ruhusa kwanza kwa viongozi wa kikundi. Aje asubuhi, kabla matajiri, yaani wanunuzi wakubwa wa samaki, hawajapakia barafu. Ijumaa asije, vyombo vingi havitoki, na hilo nalo aliandike.

Mhitimu wa hisabati,
Malindi