Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Uwele Wetu na Bei Yake

Ndugu wanachama,

Swali lililorudi karibu katika kila kikao cha mwaka huu ni hili: kwa nini mkulima aliyevuna uwele mwezi Mei au Juni anarudi sokoni Januari kununua chakula kwa bei kubwa kuliko ile aliyouzia? Kamati yenu imelishughulikia swali hilo kuliko jingine lolote, na sehemu kubwa ya taarifa hii inalihusu.

Zao tulilochagua si tatizo. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi mvua hiyo hukatika Februari. Mahindi yakikutwa na ukame yanapochanua, mwaka umeharibika. Uwele huvumilia. Mbegu nazo ni nafuu: ekari moja hutosheka na kilo 2 hivi. Aina za Okoa na Shibe, zilizoidhinishwa mwaka 1994, zinatufaa, ila uwele huchavushana na wa shamba la jirani, hivyo mbegu ya kujiwekea kila mwaka hupoteza sifa zake. Tunapendekeza chama kinunue mbegu mpya kwa pamoja kila baada ya misimu michache.

Gharama kubwa ni nguvu ya watu, na wengi wetu hatuiandiki popote kwa sababu ni ya mama, baba na watoto. Kupalilia, kuamia ndege, kuvuna, kupura, kupepeta: zote ni siku za kazi. Ndege peke yao wanatosha kumaliza faida. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, maana yake kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku. Hakuna kaya inayoweza kusimama peke yake mbele ya kundi la namna hiyo. Nawaomba tena tupande kwa wakati mmoja kila kitongoji, kwa sababu shamba linalotangulia au kuchelewa kukomaa ndilo ndege hulimaliza.

Sasa nije kwenye mauzo, ambako naamini ndiko tunakopoteza zaidi. Bado tunauza shambani kwa debe. Debe ni kipimo cha ujazo, na mnunuzi hulijaza mpaka liote kichwa. Tuchukue mfano wa debe la kilo 20 linaloongezwa kilo 2 za kichwa: katika kila magunia 10 ya kilo 100, gunia zima limeondoka bure. Lumbesa, yaani huko kujaza kupita kipimo, imekatazwa na sheria ya vipimo, lakini mkulima aliye peke yake, mwenye deni la ada ya shule, hana nguvu ya kumkatalia mnunuzi aliyekuja na gari. Mizani ikiwa ghalani na sisi tukiwa pamoja, nguvu hiyo tunayo.

Kuna jambo tunalowazidi wakulima wa mahindi, nalo hatulitumii. Mwenye mahindi huuza haraka kwa kuogopa dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Uwele uliokaushwa vizuri hukaa muda mrefu bila kushambuliwa sana, kwa hiyo kinachotusukuma kuuza Juni ni shida ya fedha tu. Ndiyo maana kamati inapendekeza kila mwanachama alete ghalani sehemu ya mavuno, si yote, na mfuko wa chama umkopeshe kiasi cha kumvusha hadi bei ipande. Kuhifadhi nako kuna gharama ya magunia, mlinzi na hasara ya panya, nayo ni lazima itoke kwenye bei ya baadaye. Mwaka ambao mavuno ni mengi kila mahali bei inaweza isipande vya kutosha, na sitaki mtu aingie bila kulijua hilo.

Kuhusu unga, wapo wanaotaka tuanze kusaga na kuuza mjini mara moja. Nawaunga mkono kwa sharti. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, hivyo unga wake huwa mchungu ndani ya siku chache usipotayarishwa vizuri. Tutunze nafaka, tusage kwa oda, na tusiweke nembo ya chama kwenye mfuko kabla ya kupata alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Akina mama wanaotafuta uji wa lishe kwa watoto watatupima kwa mfuko wa kwanza.

Usafi nao ni bei. Uwele uliopurwa juu ya udongo una mchanga, na mnunuzi wa unga hukata bei au huukataa. Turubai chache za kuazimana zitatulipa haraka kuliko pembejeo yoyote.

Mkutano unaombwa kuamua mambo matatu: kununua mizani na turubai kabla ya Mei, kiwango cha mkopo kwa kila gunia linaloletwa ghalani, na ada ya kuhifadhi. Mtunza hazina atasoma hesabu sasa, kisha tupige kura.