Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chama cha Waamuzi wa Netiboli

Ndugu wajumbe,

Ligi ya mkoa, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) na bonanza la Nane Nane tulichezesha, na wengi mlikuwepo, sitarudia. Fedha: tupo wanachama 41, ada shilingi 20,000, waliolipa 17, makusanyo 340,000, matumizi 312,000, salio 28,000. Wanaodai posho kwa sauti kubwa ndio wasiolipa ada. Nasema wazi.

Nije kwenye uamuzi uliolalamikiwa, wa kuwakataza walezi, yaani wale tuliowateua kuwaongoza waamuzi wapya, kuwapa hao wapya majibu. Niliupendekeza mimi, Kamati ya Utendaji ikaupitisha, na nausimamia.

Chukueni kosa la kuzuia kwa karibu, yaani beki kumsogelea mno mwenye mpira. Mwamuzi aliyeambiwa tu "futi tatu" hupima kutoka mkono wa beki hadi kwenye mpira, akapuliza filimbi kwa kila mkono ulionyooshwa. Kitabu cha sheria kinasema mita 0.9, ndizo hizo futi tatu, na zinapimwa chini: kutoka mguu wa beki ulio karibu hadi mguu ambao mwenye mpira alitua nao. Akishaunyanyua mguu huo, unapima kutoka pale ulipokuwa. Mwenye mpira akijisogeza mwenyewe, beki hana kosa. Haya hayakai kichwani kwa kuambiwa.

Kwa hiyo baada ya mechi mwamuzi mpya anaandika tukio moja lililomtatiza: nani alisimama wapi, mpira ulikuwa kwa nani, alitoa adhabu gani. Mlezi anauliza tu, "Umeisoma wapi?" Kitabu kinafunguliwa, sheria inasomwa yote kwa sauti, kisha tukio linachorwa kwa chaki uwanjani na kupimwa kwa futikamba. Kinachowaangusha wengi ni kusoma kosa na kuiruka adhabu. Wanatoa pasi huru panapostahili pasi ya adhabu, na aliyekosea anaendelea kucheza badala ya kusimama kando ya mrushaji mpaka mpira umtoke mkononi.

Mmesema njia hii inachelewesha. Lakini uwanjani kila mwamuzi ana nusu yake, na mlezi hayupo wa kumnong'oneza.

Kilichonisikitisha ni mahudhurio. Walezi tuliwateua 9. Jumamosi za mafunzo wanafika wawili, watatu. Waliolaumu utaratibu huu hawajafika hata mara moja kuuona.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta mfadhili ili kila mwamuzi mpya awe na kitabu chake. Kwa sasa vitabu ni 4 kwa watu 11, na viwili kati ya hivyo viko majumbani mwa wajumbe. Naomba virudi kabla ya mafunzo yajayo.