Baba, Uliniuliza Nasomea Nini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo yangu kwa Mama, na wadogo zangu wote wasalimie. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na usingizi naupata ingawa Mama haniamini nikimwambia hivyo.

Jumapili ile tulipoongea kwenye simu uliniuliza, "Mwanangu, hiyo shahada ya uzamili ni ya biashara au ni ya kompyuta?" Nikakujibu harakaharaka kwamba ni vyote viwili. Ukasema "haya," na kwa sauti yako nikajua sijakujibu. Nimeona nikae chini nikuandikie vizuri. Tena mdogo wangu ameshaanza kuulizia namna ya kuomba nafasi, kwa hiyo msomee barua hii yote, hata pale ninapokiri makosa yangu.

Nianzie kwenye leja yako. Unakumbuka nilivyokuwa nakaa nawe stoo baada ya shule, juu ya maboksi matupu, nikikutazama ukiandika? Kila bidhaa ilikuwa na ukurasa wake: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kwenye safu ya aliyeleta mzigo hukuandika jina, uliandika namba tu. Saba. Kumi na mbili. Majina yenyewe, na anwani zao, yalikuwa ukurasa wa kwanza kabisa. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia, "Huyu akihama ofisi kesho, nibadilishe mara moja au mara mia?"

Katika somo la hifadhidata, yaani namna kompyuta inavyotunza taarifa kwa mpangilio, wiki ya tatu, mwalimu alieleza wazo la Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alilolichapisha mwaka 1970. Taarifa ziwekwe kwenye majedwali, kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, na majedwali mengine yalitaje kwa namba yake. Benki, hospitali na mashirika ya ndege mpaka leo wanatunza sehemu kubwa ya kumbukumbu zao kwa mtindo huo. Nilisimamisha video. Nilikuwa naiona ile saba yako ya wino wa bluu, yenye mkia mrefu. Baba, ulifanya hayo bila kufundishwa na mtu, nami nimevuka bahari ndipo nikaambiwa jina lake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nasomea jinsi kazi na taarifa zinavyopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ndani ya biashara, na jinsi ya kuiingiza kompyuta hapo katikati ili isaidie. Upande wa kompyuta ni mgumu, sikatai. Kuna kuandika maswali ambayo hifadhidata inayaelewa, kuna usalama wa taarifa, kuna kupiga hesabu kama ni nafuu kununua mitambo yako au kukodi ya mbali kwa intaneti. Lakini kilichoniteka hasa ni upande wa watu na mpangilio wa kazi, na kuna kisa kimoja ambacho tangu nikisome hakijanitoka kichwani.

Mwaka 1987 mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija, yaani kiasi cha kazi kinachotoka kwa kila saa ya kufanya kazi. Makampuni yalikuwa yamenunua kompyuta kwa fedha nyingi, lakini kazi inayotoka haikuonekana kuongezeka kwa kiasi kilichotarajiwa. Miaka mitatu baadaye mwanahistoria wa uchumi, Paul David, akatafuta maelezo kwenye historia ya umeme. Viwanda vya zamani viliendeshwa na injini moja kubwa ya mvuke. Injini ilizungusha shafti ndefu ya chuma iliyopita juu darini, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ya ngozi ilishuka mpaka kwenye kila mashine. Kwa hiyo mashine zilipangwa kuifuata shafti, hazikupangwa kuifuata kazi. Umeme ulipoanza kuuzwa mijini, kuanzia mwaka 1882, wenye viwanda wengi waliong'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa palepale, na shafti wakaiacha na mikanda yake. Faida waliyoipata ilikuwa ndogo. Ilichukua miaka kama 40, hadi miaka ya 1920, ndipo tija ya viwanda vya Marekani ikapanda kwa kasi, baada ya mashine kupewa kila moja mota yake ndogo na viwanda kupangwa upya kufuata mwendo wa kazi yenyewe.

Nilisoma hayo ndani ya basi la alfajiri, natoka zamu ya usiku, nikatamani kumgutusha abiria wa pembeni nimsimulie. Kwa sababu hicho ndicho ninachokiona kila siku kwenye ghala la mizigo ninakofanya kazi. Wametuletea mfumo mpya, kila mmoja wetu ana skana mkononi, ukielekeza kwenye ile mistari myeusi ya boksi inalia na mzigo unahesabika. Lakini orodha bado inachapwa kwenye karatasi. Tunaitia alama kwa kalamu kama zamani, halafu zamu ikikaribia kwisha mtu mmoja anakaa kuingiza kwenye kompyuta yale tuliyoyatia alama. Boksi likipotea saa tano usiku, kompyuta inaendelea kusema lipo kwenye rafu mpaka asubuhi. Mota wameinunua, shafti bado iko darini. Nilimweleza msimamizi wetu wa zamu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema utaratibu wa karatasi unatoka juu. Simlaumu, naye ameukuta.

Sasa nikwambie lililoniuma zaidi. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilohilo.

Waliponiambia kwamba masomo haya ni ya mtandaoni na mtu anajipangia muda wake, nilisikia neno "muda" nikadhani nimeshapewa. Chuo kinafuata mfumo wa Uingereza: shahada ya uzamili ni krediti 180, na kila krediti inahesabiwa kuwa ni saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1800. Ukisoma saa 15 kwa wiki ni wiki 120, zaidi ya miaka miwili bila kupumzika hata wiki moja. Hesabu hiyo sikuipiga siku ya kujiandikisha. Niliacha maisha yangu yalivyokuwa, zamu za ziada za Jumamosi, simu za kila siku, kila kitu mahali pake, nikanunua laptopu nikaiweka katikati. Nilikuwa natoka kazini, naoga, nafungua video saa moja asubuhi, na mwalimu anaongea mpaka usingizi unanichukua. Mfumo wa chuo ulionyesha kwamba nimetazama mihadhara 11. Mtu angeniomba nimweleze mmoja tu nisingeweza.

Kisha nikachelewesha kazi ya kwanza. Mwisho wa kuituma ulikuwa saa 23:59, nami nikaona nina usiku mzima. Sikuangalia kwamba saa hiyo ni ya kule kilipo chuo, na wao wako mbele yetu kwa saa tano. Huku ilikuwa saa moja kasoro dakika moja jioni. Nilituma saa moja na robo nikiwa nimeridhika kabisa, na papo hapo yakatokea maandishi mekundu: imechelewa kwa dakika 16. Alama zikakatwa. Niliandika kuomba wanifikirie, wakajibu kwa upole kwamba kanuni ni moja kwa wote. Siku hiyo nililia, Baba. Sikuwaambia.

Nililazimika kuishusha shafti yangu. Zamu mbili za Jumamosi kila mwezi nimeziacha, na hiyo ndiyo sababu fedha ninayotuma imepungua. Naomba mniwie radhi mpaka nimalize. Nikitoka kazini nalala kwanza mpaka saa nane mchana. Saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni nasoma, siku tano kwa wiki, simu ikiwa kwenye droo ya jikoni. Simu zetu nilizihamishia Jumapili, Mama akadhani nimekasirika. Mwambie sikukasirika hata kidogo. Na kila siku, kabla sijafungua somo jipya, nachukua karatasi tupu naandika ninayoyakumbuka ya jana. Mara ya kwanza nilipata mistari minne. Sasa ukurasa unajaa, na pale kalamu inaposita ndipo najua pa kurudia.

Mama aliuliza ni shule gani hiyo ambayo mtu haendi darasani. Mwambie Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwaruhusu watu wasiohudhuria madarasa kufanya mitihani yake, na Mandela alisomea sheria kwa njia hiyo akiwa kifungoni Robben Island. Na mtihani wetu hauna mchezo. Kabla haujaanza nazungusha kamera chumba kizima, naonyesha chini ya meza, naonyesha kitambulisho, nakunja mikono ya shati. Nikigeuza macho kwa muda mrefu naandikiwa onyo kwenye skrini.

Kinachonilemea ni upweke. Unaweza kumaliza mwezi mzima bila mtu wa chuo kulitamka jina lako. Ndiyo maana nakipenda kikundi chetu cha kazi ya pamoja. Tuko wanne, nchi nne, saa nne tofauti. Saa pekee ambayo wote tuko macho ni moja, na hata hiyo kwa mwenzetu mmoja ni usiku wa manane. Anaongea kwa kunong'ona kwa sababu mwanawe amelala kando yake. Kabla ya lolote huwa anatuuliza mmoja mmoja kama tumelala vya kutosha. Sijawahi kukutana naye, lakini siku akimaliza nitafurahi kama amemaliza ndugu yangu.

Mdogo wangu, wewe kabla hujalipa ada yoyote uliza mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi yako kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa kwa masomo ya mtandaoni. Usikubali jibu la chuo peke yake. Uliza kama unaruhusiwa kusimama muhula mmoja ukiugua. Halafu andika wiki yako nzima kwenye karatasi, saa kwa saa, na uzungushie duara zile saa 15. Kama unazitoa kwenye usingizi, subiri kwanza. Kama kuna kitu unaweza kukiacha, nipigie Jumapili tujaze fomu pamoja.

Baba, nina ombi. Mwezi ujao naanza tasnifu, na mwalimu anayenisimamia amekubali mada yangu: kwa nini wafanyakazi wanaendelea kuandika kwenye karatasi pembeni hata baada ya kuletewa mfumo. Nataka sura ya kwanza ianze na leja yako. Kama bado ipo kwenye lile sanduku, naomba mdogo wangu aipige picha kurasa mbili, ule wa kwanza wenye orodha na mmoja wowote wa bidhaa. Majina na anwani za watu yafunikeni kwa kipande cha karatasi, namba ziachwe wazi. Na ukipata nafasi nieleze ulikuwa unafanyaje pale aliyeleta mzigo alipoacha kabisa biashara: namba yake ulimpa mtu mwingine, au uliiacha wazi? Kwenye kikundi tumebishana juu ya jambo hilo wiki nzima, nami nimewaambia wasubiri jibu lako.

Mwanao akupendaye