Barua kwa shoga yangu wa Wete: nani akatwe kwanza?

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Unguja tuwazima, bi mkubwa anakusalimu, na zile karafuu ulizomletea bado anazifungia kabatini kama dhahabu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili nikacheka peke yangu. Ati, "hizo kompyuta mnazokesha nazo chuoni zina kazi gani, na umeme unakatika vile vile?" Nimeona bora nikuandikie, kwenye simu ungenikatiza. Kwa ufupi, kwenye kompyuta tunatengeneza mfano wa mtandao wa umeme, tuone kwa hesabu utafanya nini kabla haujafanya.

Umeme ukishaingia kwenye nyaya haungoji. Unaozalishwa sekunde hii ndio unaotumika sekunde hii. Ukipungua au ukizidi, frikwensi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, inayumba kutoka kwenye Hezi 50. Wewe ukiwasha pasi hapo Wete, mitambo ya bara inalihisi hilo, japo kidogo sana. Kwa hiyo huwezi kupiga hesabu ya laini moja ukaziacha nyingine, zote zimeshikana. Kompyuta hukisia volti ya kila kituo, huangalia kama umeme unaoingia unalingana na unaotoka, husahihisha, hukisia tena, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Tunafundishwa njia ya Newton, ambayo Tinney na Hart kule Marekani waliiwezesha kwa mitandao mikubwa mwaka 1967. Kabla ya kompyuta, wahandisi walikuwa wakijaza chumba kizima koili na swichi ili kuuiga mtandao wao, wakasoma mita moja moja. Laptopu yangu yenye kioo kilichopasuka humaliza kazi hiyo sijapiga hata funda la chai.

Sasa nikupe la kwenu. Pemba mnapata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, ya kilovolti 33, iliyoanza kazi 2010 kwa msaada wa Norway. Urefu wake unapita kilomita 70. Nimeiweka kwenye programu kwa makadirio yangu mwenyewe ya chaji inayoweza kushikwa na kebo, robo ya maikrofaradi kwa kila kilomita, na matokeo yalinifurahisha. Saa za magharibi, kila mtu amewasha taa na feni, volti upande wa Pemba inashuka, kama unavyotarajia. Lakini nikiushusha mzigo mpaka wa saa tisa usiku, volti ya Pemba inapanda juu kuliko ya Tanga ulikotoka umeme! Nikiondoa mzigo wote inazidi kwa karibu kilovolti nzima. Kebo ndefu yenyewe ni kapasita, kitu cha kushika chaji: shaba katikati, kinga inaizunguka, na nje ganda la chuma lililogusana na maji. Kwa hesabu yangu inazalisha kama megavari 6, umeme usiofanya kazi ila wa kupandisha volti tu, hata isipombebea mtu yeyote umeme. Ndiyo maana kebo za namna hii hufungiwa riakta, koili kubwa ya kuzimeza hizo megavari. Kwa kalamu na karatasi ningelijua hilo pia, lakini kuliona likitokea saa baada ya saa ni kitu kingine, wallahi.

Huku Unguja swali ni jengine. Tuna kebo mbili za kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba: ya 1980 yenye uwezo wa megawati 45, na ya 2013 yenye uwezo wa megawati 100. Mchezo wetu mkubwa ni kutoa kitu kimoja kwenye mfano na kutazama kinachobaki. Nikaweka mzigo wa megawati 80, nikaitoa kebo kubwa. Ile ndogo ikabebeshwa karibu mara mbili ya uwezo wake. Kwenye mtandao wa kweli rilei, kifaa cha ulinzi kinachokata chenyewe, haiisubiri iungue. Inaikata, na kisiwa kizima kiza. Ili kuponea, inabidi megawati 35 au zaidi zikatwe mara moja, bila muda wa mtu kuinua simu kuuliza. Lazima iwepo orodha iliyopangwa mapema, laini ipi inakatwa kwanza, ipi ya pili.

Na hapo, shoga, ndipo ninapogombana na wenzangu wa darasa. Kwao ukishajua megawati ngapi umemaliza. Kwenye kioo changu laini ni mstari wenye nambari ya megawati pembeni: 3.2, 4.1, 2.7. Programu ikiachiwa itachagua zile zinazojumlika vizuri. Haijui kwamba kwenye 2.7 kuna pampu ya maji ya mitaa minne na mwenye friza la samaki, wala kwamba 4.1 ni hoteli zenye majenereta yao yanayowaka zenyewe. Mimi nasema orodha hiyo isiandikwe na wahandisi peke yao. Wakae na watu wa maji, watu wa hospitali, na masheha, mchana, umeme ukiwepo. Wananiambia hiyo ni siasa. Haya, na iwe siasa.

Wewe huenda hukumbuki, mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha mkitucheka. Sisi mwaka 2008 tulikaa karibu mwezi bila umeme wa bara, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Wakati huo kebo ilikuwa moja tu, mfano wa kompyuta usingeizidisha. Lakini ninachokumbuka mimi si taa. Ni ndoo. Mifereji ilikauka kwa kuwa pampu zilisimama, na sisi watoto tukawa tunapanga foleni kisimani kabla ya skuli.

Umeniuliza pia kama siku moja kompyuta itaendesha yote bila watu. Zinaendesha mengi tayari: vituo vinatuma vipimo kila baada ya sekunde chache na mtu anafungua swichi ya mbali kwa kubonyeza tu. Ila tarehe 14 Agosti 2003 kule Ohio programu ya kengele za tahadhari iliganda, chumba cha udhibiti kikadhani mambo shwari huku laini zikigusa miti moja baada ya moja. Watu kiasi cha milioni 50, Marekani na Kanada, wakakosa umeme. Miye napenda awepo mtu anayeshuku kioo chake.

Sasa nina shida yangu. Kwenye mfano wa Pemba mzigo wa Ramadhani nimeubuni tu, na naona haufanani na watu. Niulizie kwa mamako na majirani: pampu ya mtaani kwenu huwashwa saa ngapi, kabla ya futari au baada ya tarawehe? Na wakati wa daku watu wanapikia nini siku hizi, mkaa, gesi, au wengine wameshahamia jiko la umeme? Ukiweza tazama na mita yenu ya Tukuza, hiyo ya kulipia kabla, uniandikie uniti zinavyoshuka kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku. Usinitumie kwa sauti, andika, nambari zako kwenye sauti hazisikiki kwa kelele za kuku.

Nisalimie wote.

Ni mimi shogayo,
Unguja