Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama, na vijana mliokuja kwa wingi kuliko nilivyotarajia, karibuni.

Mwaka huu Komoro imetimiza miaka 50 ya uhuru, uliotangazwa tarehe 6 Julai 1975. Sisi wenye asili ya visiwa vya Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore (Mayotte) tunaoishi Unguja tulikuwa na kila sababu ya kusherehekea, na wengi wenu mlitazamia chama kikodi ukumbi, kialike wageni na kipige ngoma mpaka usiku wa manane. Kamati ilikaa ikaamua vingine. Fungu la sherehe lilitumika kurekodi simulizi za wazee wetu, kufungua darasa la kushona kofia, na kupeleka wajumbe Ngazija wakati wa msimu wa harusi. Uamuzi huo haukumridhisha kila mtu. Waliokuja kuniambia ana kwa ana nawashukuru, na nitawajibu hapa mbele ya wote.

Ngoma tunazo, na waimbaji tunao. Twarabu ya Komoro ilitoka hapa hapa Unguja ikaenda kule mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa hiyo upande huo hatuna wasiwasi nao. Tunachopoteza ni yale yanayofanyika bila jukwaa. Mtoto wetu anaweza kuvishwa joho akapigwa picha, asijue kwamba babu yake hakuruhusiwa kulivaa joho lile mpaka alipofanya harusi kubwa, na kwamba alisubiri miaka mingi kufika siku ile. Hilo halifundishwi kwa jioni moja ya burudani.

Nianze na safari ya wajumbe. Walikwenda Julai, mwezi ambao Ngazija hujaa watu wanaorudi kutoka Ufaransa, hasa Marseille, kuja kuoa, kuoza au kulipa madeni ya heshima. Walifikia kwa jamaa zao katika mji mmoja wa kaskazini ya kisiwa, na waliporudi walitupa maelezo yaliyotushughulisha kamati kwa vikao kadhaa.

Harusi kubwa, wenyewe wanaiita anda, haina lazima iwe ndoa ya kwanza. Mtu anaweza kuwa alishaoa zamani kwa harusi ndogo, ana watoto, ana mvi, ana cheo serikalini. Maadamu hajafanya anda, mjini kwao bado ni mwanamji, mtoto wa mji. Akikaa bangwe, uwanja ule wenye vibaraza vya mawe ambamo mambo ya mji huzungumzwa, hukaa nafasi ya wanamji na kunyamaza pale wanapozungumza waliotimiza. Akishaifanya, anakuwa mdru mzima, mtu mzima. Hapo ana sauti na ana mavazi yake, na nyama ya karamu ikigawiwa ana fungu lake linalojulikana. Wajumbe walihudhuria mgao mmoja wa nyama. Kila rika lilipewa haki yake kwa utaratibu ambao hakuna aliyeusoma kwenye karatasi, wala hakuna aliyeuliza. Mmoja wa wajumbe, ambaye ni mhasibu kwa kazi, aliniambia hajawahi kuona hesabu inayotunzwa vizuri namna ile kwa kichwa tu.

Kuhusu anda watu wana maoni makali, na mimi ninayo yangu. Rais Ali Soilih aliipiga marufuku katika miaka ya 1970 akiona kwamba inawala watu maskini. Alipopinduliwa Mei 1978, ilirudi. Hoja yake haikuwa ya uongo: wapo wanaoweka akiba ya umri mzima, wanaokopa, wanaokaa ughaibuni katika vyumba vya kubanana ili siku moja wagawe dhahabu, ng'ombe na fedha kwa siku chache. Lakini anayetazama matumizi peke yake haoni sehemu ya pili. Mwenye harusi hutoa fedha kwa mji, na kwa fedha hizo miji mingi ya Ngazija imejenga misikiti, shule na barabara ambazo serikali haikufika kuzijenga. Kijana anayetaka nafasi ya kusema lazima kwanza awape wenzake kitu. Mimi naiheshimu kanuni hiyo.

Ndiyo maana vijana walipoleta ombi kwamba chama kianzishe mfuko wa mikopo kwa wanaotaka kwenda kufanya anda, kamati ilikataa, na mimi nilikuwa wa kwanza kukataa. Heshima ya bangwe hutoka kwenye jasho la mtu na ukoo wake. Chama kikiwa mkopeshaji, tutakuwa tumebakisha gharama na kuondoa maana, na deni litawarudia wake na watoto walioko hapa Unguja.

Jambo jingine walilolieleza wajumbe, na ambalo akina mama waliomba niliseme kwa urefu, ni nyumba. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mtoto wa kike akizaliwa, baba na wajomba huanza kufikiria kiwanja. Matofali hununuliwa kidogo kidogo, na ndugu zake wa kiume walioko nje hutuma fedha za paa. Nyumba nyingi zinazoonekana kando ya barabara zikiwa na nondo zilizochomoza juu zinamsubiri binti akue. Siku ya harusi bwana harusi husindikizwa kwa zifafa, maandamano ya shangwe, kwenda kuingia nyumbani kwa mkewe, na ndiko anakohamia. Wakiachana, anayefungasha ni yeye. Kuna pia ardhi ya manyahuli, inayorithiwa kwa upande wa mama, dada na mabinti, wala haiuzwi ovyo. Waislamu wale wale wanaofuata sheria ya mirathi katika mali nyingine wameiweka ardhi hii kando kwa karne nyingi ili mwanamke asikose pa kulala.

Nasema haya kwa sababu katika chama chetu zipo familia ambazo nyumba ya bibi imeuzwa na wajukuu wa kiume, na mabinti wakaambiwa ndiyo sheria. Sitataja familia yoyote. Lakini mtu asije kwenye mikutano yetu akajiita Mngazija kwa kofia na kwa pilau, halafu akamtoa dada yake nyumbani kwa mama yao. Kamati imewaomba wazee wanne wa baraza letu wawe tayari kusuluhisha mambo ya namna hii kabla hayajafika mahakamani.

Simulizi za wazee zimerekodiwa kwa simu za kawaida na vijana wetu wenyewe. Wazee wengi walipenda kuanza na masheikh: Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861, akawa kadhi hapa Unguja na kufariki hapa mwaka 1925. Tuliwaacha waseme, kisha tukawauliza kuhusu maji, jiko na mtaa. Hapo ndipo tulipopata hazina. Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa kuwa mawe ya volkano hunywa mvua yote, na watu wengi huishi kwa maji ya paa yanayokusanywa kwenye birika. Mama mmoja aliyekuwa kule Novemba 2005 alieleza jinsi volkano ya Karthala ilivyomwaga majivu juu ya mapaa, maji ya birika yakageuka tope, na mtaa mzima ukakaa kungoja maji ya kuletwa. Alitufundisha pia kwamba birika la jirani haliguswi bila ruhusa, hata kwa ndoo moja, na kwamba ruhusa hainyimwi. Mwingine ni miongoni mwa wale wanaoitwa Sabena, waliookolewa Mahajanga, Madagaska, baada ya mauaji ya Wakomoro ya Desemba 1976 na kurudishwa kwa ndege za Sabena, shirika la Ubelgiji, na kwa meli. Simulizi yake haitatolewa hadharani mpaka yeye na watoto wake waridhie, na naomba mtu asiisambaze.

Akina mama wamerekodi mapishi yao wenyewe: mkate wa sinia wa unga wa mchele na nazi, mataba ya majani ya muhogo, na namna ya kusugua msandali juu ya jiwe la tumbawe kupata liwa ya uso. Kazi hii imekwenda vizuri mno kwa sababu ilifanyika jikoni, watu wakipika kweli.

Darasa la kofia lilianza baada ya Ramadhani, kila Jumamosi alasiri. Mwalimu wetu hushona kofia za viua kwa mkono, na alikubali kufundisha kwa sharti moja, kwamba asipewe mwanafunzi anayetaka kumaliza haraka. Nakshi huchorwa kwanza juu ya bafta, kisha kijicho kimoja kimoja hutobolewa na kuzungushiwa uzi, na kofia moja nzuri humchukua mtu miezi. Walioanza walikuwa wengi, waliobaki ni wachache, na hao wachache wamefika mahali pa kutia moyo sana. Wamo wasichana, jambo lililoleta maneno. Nawakumbusha wanaolalamika kwamba wake na mabinti wa Ngazija wamekuwa wakiwashonea kofia waume na kaka zao tangu zamani. Masokoni sasa zimejaa kofia za mashine kwa bei ndogo, na sitamlaumu mtu mwenye watoto watano akinunua hiyo. Wenye uwezo, nunueni ya mkono, na mlipe bei anayoitaja mshonaji bila kuvutana naye.

Darasa la Kishingazija kwa watoto linaendelea. Wamejifunza kumwamkia mkubwa kwa “kwezi” na kungoja jibu lake, “mbona”. Tunahitaji mwalimu wa pili, hasa anayejua Kishindzuani, maana familia za Nzuani zimelalamika kwa haki.

Mchango wa kimbunga Chido, kilichopiga Maore tarehe 14 Desemba 2024 na kuharibu pia sehemu za Nzuani, tuliufunga mwanzoni mwa mwaka na kuupeleka kupitia jamaa wanaojulikana. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina, ambaye atasoma hesabu zote baada yangu, sitamtangulia. Nitasema tu kwamba michango ya mwaka inachelewa, na wanaochelewa zaidi ni wenye kazi za mshahara.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo yafuatayo, nayo yatahitaji kura zenu leo. Darasa la kofia liendelee, na mwalimu alipwe posho ya kudumu. Nakala za simulizi zihifadhiwe mahali pawili, moja ikipelekwa Moroni kwa kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti, CNDRS, wakikubali kuipokea. Na safari ya Julai ifanyike tena, safari hii kuelekea Nzuani, wajumbe wakiwa nusu wanawake, kwa kuwa yapo mambo ya harusi ambayo mwanamume hataonyeshwa hata akiwa mgeni wa heshima.

Wenye kutaka kugombea nafasi ya katibu waandikishe majina kabla ya sala ya alasiri. Namkaribisha mweka hazina.