Wahubiri wasome kifungu cha 17 kabla ya kumzika mtoto

Ndugu Mhariri,

Nimefuatilia mjadala mnaouendesha kuhusu neema ya Mungu, kama ni ya watu wote au ya wateule peke yao, nami naomba nafasi. Mjadala wenyewe siupingi. Umekuwepo tangu enzi za Agostino na Pelagio, walimu wa kale waliobishana juu ya neema, na aliyesoma Warumi 9, panaposema Mungu humrehemu amtakaye, kisha akafungua Tito 2:11, panaposema neema iwaokoayo wanadamu wote imefunuliwa, anajua kila upande una andiko la kusimamia.

Kinachoniuma ni hoja hii kupelekwa msibani. Nilikuwepo alipozikwa mtoto wa siku 9. Jeneza lilikuwa dogo, baba yake akalipakata ibada nzima, kiganja juu ya kifuniko, kama anayembembeleza asiamke. Mhubiri akatamka kwamba neema ni ya wateule, na kama huyu alikuwamo au hakuwamo, hakuna ajuaye. Mama akainua uso, akamtazama. Hakulia tena siku ile, na hilo ndilo lililonitisha.

Nadhani mhubiri aliamini anatetea mafundisho ya Dort. Basi angeyasoma yote. Sinodi ile, mkutano mkuu wa kanisa uliofanyika Dort, Uholanzi, 1618 hadi 1619, iliwajibu wafuasi wa Arminius, waliosema Kristo alikufa kwa ajili ya wote, na kukaza kamba kwelikweli juu ya uteule. Lakini wazee wale wale, katika sura ya kwanza ya mafundisho yale, kifungu cha 17, waliandika kwamba wazazi wamchao Mungu wasitilie shaka uteule na wokovu wa watoto wao waliotwaliwa wakiwa wachanga. Katikati ya ubishi mkali vile, walimkumbuka mzazi aliyefiwa! Na sura ya pili inakiri kuwa kifo cha Kristo chatosha tele kwa dhambi za ulimwengu mzima.

Mimi nasimama na John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliyehubiri 1739 kwamba neema ni bure kwa wote. George Whitefield, rafiki yake na mhubiri mwenzake, alimpinga kwa maandishi, tena hadharani. Hata hivyo, Whitefield alipofariki 1770, Wesley ndiye aliyehubiri kumkumbuka.

Nilikinakili kifungu kile kwa mkono, nikampelekea yule baba. Alikisoma mara mbili, akaniuliza kama anaweza kubaki na karatasi, mkewe naye aisome.

Wako katika Kristo,
Mzee wa Kanisa